Klogi za ngozi: kisigino kuchomoka ni saizi kubwa au ndivyo zinavyovaliwa? Na kwanini soli zinamomonyoka?

#1 Nesi wa Mwanga
Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwa wanaojua viatu. Niko Kigoma mjini, kazi yangu ni ya kusimama, zamu ya usiku naingia saa mbili natoka asubuhi miguu inawaka moto mpaka nyonga. Raba nimevaa, yeboyebo nimevaa, bado. Mwenzangu akanishauri nitafute klogi za ngozi, vile viatu vya kutumbukiza mguu tu, havina kamba, mbele vimefunga, soli nene ngumu. Nikazipata mtumbani nyeusi, namba 39 kama viatu vyangu vyote, elfu ishirini na tano baada ya kubembelezana sana.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza, nikitembea kisigino kinachomoka, kinanyanyuka kabisa halafu kinarudi. Muuzaji alisema ndivyo zilivyo, ila shangazi yangu anasema nimeuziwa kiatu kikubwa. La pili ndio linaloniuma. Wiki ya tatu, kama saa tisa usiku, natoka wodini naenda kuchukua maji nikasikia mguu wa kulia umekuwa mwepesi. Kugeuka nyuma korido nzima kuna vipande vyeusi vimenifuata kama ukoko uliokwanguliwa kwenye sufuria. Nikavua. Soli ya chini imemeguka kisigino chote, ukiigusa inapukutika mkononi. Ngozi ya juu inang'aa kama mpya. Nimeumia kwasababu zile wiki mbili za mwanzo nilikuwa narudi nyumbani mgongo hauumi, yani nilisahau kama nina mgongo.

Nimekosea wapi?

#2 Kijana wa Katubuka
Pole dada. Hiyo ni jiki. Nyie hospitali mnadeki na jiki kila saa, soli inakanyaga ile dawa mbichi mbichi inaliwa pole pole. Weka picha tuone.

#3 Fundi wa Gungu
Nesi pole sana. Mimi nashona viatu mwaka wa kumi na sita sasa, hizo napokea kila mwezi haswa kwa manesi na wapishi wa hotelini.

Nianze na kisigino maana ndio rahisi. Kiatu cha kawaida soli inapinda pale kwenye vidole ukiwa unanyanyua mguu, ndio maana kinafuatana na kisigino. Klogi soli haipindi. Ni ngumu kama ubao, na nyingine ni ubao kweli. Sasa mguu unapinda kiatu hakipindi, lazima mahali pafunguke, na panapofunguka ni kisigino. Ukitaka isichomoke kabisa maana yake umebana vidole mbele na utapata malengelenge juu ya kidole gumba. Angalia soli yake kwa ubavu, imepinda mbele na nyuma kidogo kama mtumbwi, hiyo ndio inakubingirisha unapotembea badala ya kiatu kukunjika. Kwahiyo muuzaji hakukudanganya.

ILA kuchomoka kuna kwake. Kikinyanyuka nusu ya kidole mpaka kidole kimoja ni sawa. Kikitoka chote mpaka unakunja vidole vya miguu kukizuia kisikimbie, hicho kikubwa, na kukunja vidole usiku kucha ndio kunaleta maumivu ya muundi asubuhi.

Kuhusu soli, sio jiki. Ni joto la kontena. Mzigo unakaa baharini, unakaa bandarini, unapanda lori, kontena lile ndani ni jiko. Soli inaiva.

#4 Mwana Ujiji
Hapo mnapoita klogi sisi Ujiji tunaita mitalawanda na tumezaliwa tumezikuta. Marehemu bibi alikuwa nayo jozi mbili, moja ya kwendea bafuni kuchukulia udhu na moja ya uani. Ubao mtupu, na ule mti mdogo wa kubania katikati ya kidole gumba na cha pili, msuruaki. Alfajiri ukisikia kwa kwa kwa kwenye sakafu unajua bibi kaamka na wewe amka.

#5 Kijana wa Katubuka
Mwana Ujiji mtalawanda hauna ngozi juu mkuu, uzi unahusu klogi za ngozi.

#6 Mwana Ujiji
Ipo yenye ukanda wa ngozi juu pia badala ya msuruaki. Na kwa taarifa yako mtalawanda ni jina la mti kwanza kabla ya kiatu, mti wenyewe ndio uliokuwa unachongwa. Mzungu kaweka ngozi juu akafunika vidole, ubao ni ule ule.

#7 Mama Wawili TBR
Niko Tabora, nimevaa klogi mwaka wa saba sasa jikoni kwenye mgahawa wangu hapa Isevya, naunga mkono Fundi wa Gungu alichosema #3 kuhusu kisigino. Ila naona hajagusa jambo kubwa kuliko yote nalo ni MGONGO WA MGUU. Klogi haishikwi na kisigino, inashikwa pale juu panapopanda, ile ngozi inayolala juu ya mguu. Hapo ndipo pabane. Pakilegea hata namba iwe sahihi vipi utaburuza.

Mimi nikijaribu nafanya hivi. Nasimama, sikai. Nasukuma mguu mbele mpaka mgongo wa mguu uguse ngozi vizuri. Hapo nyuma ya kisigino paingie kidole kimoja cha mkono kilichosimama, na vidole vya mguu mbele nivichezeshe kama napiga kinanda bila kugusa ukuta. Kisigino kisikalie ukingo wa nyuma, maana soli ile imechongwa kishimo cha kisigino na kina ukingo, ukikalia ukingo usiku mmoja tu unapata uchungu wa ajabu. Halafu natembea hatua kumi kwenye sakafu, sio kwenye lile boksi wanalokutandikia pale mnadani.

Na jaribu jioni dada, sio asubuhi. Sisi wa kusimama mguu wa asubuhi na wa saa kumi na moja jioni ni watu wawili tofauti.

#8 Nesi wa Mwanga
Asante dada Mama Wawili. Nimejaribu sasa hivi na hii ya kushoto iliyobaki nzima. Kidole kinaingia viwili na mgongo wa mguu haugusi ngozi kabisa. Kwahiyo shangazi yuko sahihi?

#9 Mama Wawili TBR
Shangazi yuko sahihi kwa mguu wako, muuzaji yuko sahihi kwa klogi. Chukua 38 mgongo upate kubanwa. Au kama mguu wako ni mwembamba juu, 39 hiyo hiyo yenye ngozi iliyopanda zaidi.

#10 Fundi wa Gungu
Tusimshushe namba haraka. Ngozi ukiivaa inalegea kwa upana, mgongo wa mguu utapata nafasi. Urefu hauongezeki hata uvae miaka kumi, soli ni ngumu. Kwahiyo ukichukua 38 na vidole vikagusa mbele hakuna fundi wa kukuokoa. Kupanua ngozi naweza kwa kalibu, kurefusha ubao siwezi, na kubana palipolegea naweza, natia kipande cha ngozi laini kwa ndani chini ya pale juu, shilingi elfu tatu. Nesi wewe pima mguu.

#11 Mwalimu wa Kemia
Wakuu samahani naingilia. Nimefundisha Kasulu, sasa niko Kigoma. Hii habari ya soli sio jiki wala sio kontena peke yake. Zile soli nyeusi nyepesi nyingi ni poliyurethani, ni jamii ya plastiki. Kuna aina ya poliyurethani ambayo maji yaliyomo hewani yanaikata minyororo yake ndani kwa ndani, miaka inapita kwa nje huoni kitu, siku ukiweka uzito inasambaratika kama biskuti. Kiatu hakihitaji kuvaliwa. Kinaweza kukaa kwenye boksi lake kabatini, kipya, na kikafa humo humo. Ndio maana dada anasema ngozi inang'aa. Aliyekivaa Ulaya alikivaa kidogo, akakiweka stoo miaka, akakitoa msaada, dada akanunua kiatu kilichokuwa kimeshakufa siku nyingi. Joto na unyevu vinaharakisha, kwahiyo Fundi hajakosea sana, kontena limemalizia kazi tu.

Kuna aina nyingine ya poliyurethani inayostahimili maji vizuri. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

#12 Kijana wa Katubuka
Mwalimu mbona mimi nina buti za soli hiyo hiyo mwaka wa tisa, mvua jua zipo?

#13 Mwalimu wa Kemia
Pengine zako ni ile aina ya pili. Pengine soli yako ni mpira kabisa. Umeangalia?

#14 Kijana wa Katubuka
Imeandikwa kwa kiingereza imefutika.

#15 Mchuuzi wa Mitumba
Mimi nauza viatu, nafungua belo kila wiki mbili. Naheshimu mwalimu ila kitu nilichoona kwa macho yangu ni hiki, belo moja, viatu vya jina moja, vya umri unaofanana, kimoja kinameguka kingine kizima. Tena jozi moja, kulia kumekufa kushoto kuzima, kama huyu dada. Sasa kama ni hewa mbona hewa imechagua mguu? Mimi naamini ni mafuta. Wanaovaa hizi Ulaya ni wapishi na mafundi, mguu mmoja ndio unakanyagia mafuta ya kukaangia au oili.

#16 Fundi wa Gungu
Mchuuzi hapo umenigusa maana hata mimi nimeona jozi moja kushoto nzima kulia hamna kitu. Mguu wa kulia kwa wengi ndio wanaokanyagia uzito lakini. Mwalimu unasemaje?

#17 Mwalimu wa Kemia
Uzito ndio unaodhihirisha. Kile kizima naye kishakufa, hakijapata siku yake tu. Nesi chukua ukucha wa dole gumba, bonyeza soli ya kushoto pembeni karibu na kisigino, uje utuambie.

#18 Nesi wa Mwanga
Nimebonyeza. Ukucha umeingia na umebaki shimo. Pembeni kuna unga.

#19 Mchuuzi wa Mitumba
Duh. Pole dada yangu. Ila bado haijajibu swali langu la mafuta.

#20 Dagaa Mkavu
Nyie mnahangaika na kemia, dawa ya kiatu ni mawese. Pakeni mawese ngozi na soli, haipasuki ng'o. Mzee wangu alikuwa anapaka makobazi yake mawese na amekwenda nayo mpaka Kalemie kule Kongo akarudi.

#21 Binti wa Kasulu
Dagaa Mkavu nakuomba usimpotoshe dada wa watu. Nilipaka mawese viatu vyangu vya ngozi ya kahawia nikiwa chuo. Siku ya kwanza vilipendeza mno. Siku ya nne soksi zote nyeupe zimekuwa za machungwa na hazijarudi mpaka leo. Wiki ya pili vinanuka kama chungu kilichosahaulika, nikaamka usiku nikawasha taa mende wamejaa ndani ya kiatu. Mawese ni ya mboga.

#22 Mlina Asali Sikonge
Hahaha Kigoma kila ugonjwa ni mawese. Njooni Tabora tuwape nta ya nyuki.

Nieleze vizuri maana hii ni kazi yangu. Nta safi, sio yenye masega na nyuki waliokufa ndani. Fungu moja la nta, mafungu matatu ya mafuta ya alizeti. Usiweke sufuria motoni moja kwa moja, nta inashika moto. Weka bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 hivi kwahiyo maji hayahitaji hata kuchemka. Koroga, acha ipoe, inakuwa kama vaselini nzito. Chukua kidogo sana na kitambaa, sugua ngozi, acha nusu saa, futa kwa kitambaa kikavu. Kama klogi yako ni ya soli ya mbao sugua mbao pia pembeni kote, na haswa ile mbao ya mbele na nyuma palipokatwa kichwa, hapo ndio inanywa maji kama mrija. Fanya mwezi wa tano kabla kiangazi cha Tabora hakijaanza kukausha kila kitu. Mbao ikinywa maji inavimba, ikikaushwa haraka inapasuka kufuata nyuzi zake, na ikishapasuka hairudi.

Ngozi ya manyoya manyoya usipake, itajaa madoa. Hiyo ni brashi kavu tu.

#23 Dagaa Mkavu
Mlina Asali nimekubali ya soksi, ila mzee wangu alikuwa havai soksi.

#24 Mzee wa Reli
Nimesoma uzi wote. Nimeona hapo #6 Mwana Ujiji kasema Mzungu ndiye kaweka ngozi juu, ila hakuna aliyesema Mzungu wa wapi. Wengi wanasema Uholanzi. Za Waholanzi ni mti mtupu, mguu mzima umo ndani ya gogo lililochongwa, hakuna ngozi. Za ngozi juu na mbao chini ni za Uswidi na Denmark, na Waingereza nao walikuwa nazo, wafanyakazi wa viwanda vya pamba kule Lancashire walivaa soli za mbao zimepigwa chuma chini, maana sakafu ya kiwandani ilikuwa maji. Za Uswidi mbao yake ni mti unaitwa alda, ni mwepesi. Ngozi inavutwa chini kwenye ukingo wa ubao inapigwa pini kuzunguka. Ukiona safu ya pini pembeni za kung'aa, hiyo ndio jamaa yake. Hizi za manesi zenye soli ya plastiki zimekuja baadaye. Dansko kwa mfano ni kampuni ya Marekani ya 1990, mwanzoni viatu vyao vilikuwa vinatengenezwa Denmark na Sanita ambao wenyewe wapo tangu 1907.

#25 Mwana Ujiji
Mzee shikamoo. Naomba pia utuambie mtalawanda uliingia na nani, mimi naambiwa na Waarabu wa pwani wakati wa misafara.

#26 Mzee wa Reli
Marahaba kijana wangu. India wanayo ya mti yenye kifundo cha kubania vidole, Uarabuni wanayo, pwani yetu ikapokea, na njia ya msafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka Ujiji ilibeba kila kitu. Mimi nilichoona ni kwamba utotoni mwangu Tabora nyumba za Ng'ambo zenye bafu la sakafu zilikuwa nazo, nyumba za udongo hazikuwa nazo. Kwenye udongo mtalawanda unazama.

#27 Mwana Ujiji
Hapo nimepata kitu. Bibi sakafu yake ilikuwa ya saruji nyekundu.

#28 Binti wa Kasulu
Na hilo la udongo ndio nilitaka niseme kwa nesi. Dada usitembee nazo njiani. Mimi nilikuwa nashuka mlima kuelekea stendi na klogi, nyuma ziko wazi, soli juu sana, nikakanyaga jiwe kifundo kikageuka nikakaa nyumbani siku kumi na nne na mguu umefungwa. Kigoma yetu ni milima na makorongo. Vaa ndala njiani, klogi beba kwenye mfuko, vaa ukifika kazini.

#29 Kijana wa Katubuka
Na bodaboda pia, zikichomoka njiani hurudi kuokota.

#30 Fundi wa Gungu
Sahihi. Zipo zenye ukanda wa nyuma, huo ukanda haubani kisigino, kazi yake kiatu kisiruke tu. Naweza kutia kwa mtu anayetaka.

Halafu kwa wenye soli za mbao, naomba niseme kitu maana wengi mnaniletea zimeshaharibika. Mbao tupu kwenye terazo inateleza na inalia. Leteni kabla hamjavaa nipachike mpira wa tairi chini, nasugua mbao kwa msasa, napaka gundi pande zote mbili, nasubiri kama robo saa mpaka nikigusa na kidole haing'ang'anii, ndipo nagandisha na kugonga. Anayegandisha gundi mbichi anakuibia, wiki moja umerudi.

Na pini zikichomoka msipige wenyewe na msumari wa nyumba. Jana kaleta mtu klogi nzuri ya kahawia, pini tatu za ubavuni zimeliwa na kutu, akapiga misumari mirefu pale pale kwenye matundu ya zamani. Ubao umeachana kuanzia tundu la kwanza mpaka la tatu, unaona mwanga upande wa pili. Unatakiwa uzibe tundu kwa kijiti cha mti na gundi, kikauke, halafu kijimsumari kifupi chembamba pembeni ya tundu, ngozi ukiwa umeivuta kwa koleo. Pole pole.

#31 Mama Wawili TBR
Kuna fundi seremala huku kwetu alinichongea soli za mninga kutoka vipande vya kabati, ngozi tukatoa kwenye klogi iliyokufa soli kama ya dada. Mwaka wa tatu huu. Mninga haunywei wala hauvimbi ovyo.

#32 Mlina Asali Sikonge
Mninga ni sawa. Mtu asije akajaribu mpingo tu, ule ukiutupa majini unazama, utavaa mawe.

#33 Nesi wa Mwanga
Dada Mama Wawili hiyo ya kutoa ngozi kwenye soli iliyokufa na kuweka kwenye mbao inawezekana kwa zangu?? Ngozi ni nzima kabisa.

#34 Fundi wa Gungu
Inategemea. Ngozi yako imegandishwa na gundi au imepigwa pini? Kama kuna pini inawezekana. Kama ni gundi tupu ngozi itakuwa imekatwa fupi, haitoshi kukunjwa kwenye ubao. Na hakikisha ni ngozi kweli. Angalia palipokatwa, ngozi ina nyuzi nyuzi kama kitambaa kilichochanika, ya bandia unakuta kitambaa chini na utando juu. Usichome na kiberiti kama wanavyofanya mnadani, unaharibu kiatu cha mtu.

#35 Mchuuzi wa Mitumba
Wanachoma kweli, tena mbele yangu. Inaumiza.

#36 Nesi wa Mwanga
Kuna pini. Nimehesabu kumi na tisa upande mmoja.

#37 Kijana wa Katubuka
Jamani mimi narudi kwenye jiki. Dada alisema wiki mbili za mwanzo kilikuwa kizima. Wiki ya tatu kikafa. Kama kilishakufa Ulaya kingekufa siku ya kwanza.

#38 Mwalimu wa Kemia
Ufa unaanza ndani. Masaa kumi na mbili kwa siku wiki mbili ni hatua nyingi sana.

#39 Mchuuzi wa Mitumba
Na mafuta?

#40 Mpishi wa Bandarini
Mimi nakanyaga mafuta ya kukaangia migebuka kila siku, klogi zangu za plastiki nyeusi ziko hai. Ila nazifuta kila usiku kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, na nina jozi mbili, moja leo moja kesho, ili jasho likauke ndani. Sijui kama ni hiyo. Zikilowa naingiza magazeti ndani nabadilisha mara mbili, naweka kivulini, kamwe sio karibu na jiko. Harufu naweka soksi yenye vipande vya mkaa ndani usiku.

#41 Binti wa Kasulu
Mkaa unafanya kazi. Masika haya kila kitu cha ngozi kabatini kwangu kinaota ukungu wa kijani, mnafanyaje?

#42 Mpishi wa Bandarini
Toa nje kwanza uufute kwa kitambaa kikavu, usiufutie ndani ya chumba maana utapanda kabati zima. Halafu siki na maji nusu kwa nusu, futa, kausha kivulini. Jaribu mahali pasipoonekana kwanza. Na usifungie kiatu kwenye mfuko wa nailoni.

#43 Nesi wa Mwanga
Mrejesho wakuu. Jana jioni nimetoka zamu ya mchana nikasimama kwenye karatasi, mdogo wangu akachora mguu. Kulia sentimita 24 na nusu, kushoto 24 na kidogo. Nikaongeza moja na nusu kama mwalimu alivyoniambia pembeni, nikazidisha kwa moja na nusu, ikaja 39. Kwahiyo namba haikuwa kosa, mgongo wa mguu wangu ndio umelala chini. Nimekata ile karatasi nimeenda nayo kwa fundi wa hapa Mwanga. Ameng'oa pini zote kwa koleo, moja moja, hakuchana hata tundu moja. Soli ya kushoto wakati anaing'oa imemvunjikia mkononi vipande vinne. Ngozi ziko salama ziko kwenye mfuko wangu.

Shangazi amechukua kile kipande cha soli akaweka dirishani, anasema kila atakayekuja ataonyeshwa.

Sasa nahitaji ubao. Huku nimeambiwa mninga mkavu wa vipande vidogo ni shida kupata, wanauza mbao nzima. Dada Mama Wawili yule seremala wako anaweza kunichongea nikituma karatasi ya mguu?

#44 Mama Wawili TBR
Anaweza. Chora miguu yote miwili ukiwa umesimama, kalamu isimame wima isilale chini ya mguu. Weka alama panapoanza uvungu wa unyayo na panapoishia. Andika pia mzunguko wa mgongo wa mguu, zungusha uzi kisha pima uzi kwa rula. Mpe mtu anayekuja na treni, mimi nitapokea hapa stesheni Tabora.

#45 Mlina Asali Sikonge
Na mimi nitamwachia Mama Wawili kopo la nta liende na hizo soli zikirudi. Nesi hulipi, utaniletea dagaa siku ukipita.

#46 Dagaa Mkavu
Dagaa natoa mimi.

#47 Kijana wa Katubuka
Nimechukua kile kipande cha pili cha soli kwa nesi leo mchana, tunakaa mitaa ya karibu. Nimekitumbukiza kwenye kopo lenye jiki, kingine kwenye maji, kingine kwenye mafuta ya kupikia. Nitaleta picha Jumapili.

#48 Mwalimu wa Kemia
Kimeshakufa hicho mkuu, hakitakuambia kitu. Tumbukiza kizima.

#49 Kijana wa Katubuka
Nani atanipa kizima?

#50 Mchuuzi wa Mitumba
Njoo dukani asubuhi, ninayo ya mguu mmoja haina mwenzake. Ila na mafuta ya oili uweke, sio ya kupikia peke yake.